Kiwiko cha Mbwa wa Edina

Edina alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa miaka ishirini na sita kati ya hiyo kazi yake ilikuwa moja tu: kuanika dagaa Katonga, kando ya Ziwa Tanganyika. Asubuhi aliwapokea mwaloni, pale mitumbwi inapofika, wakiwa bado wanang'aa, akawatandaza kwenye chanja, akawageuza kabla jua halijawa kali, akawakinga na mvua, kunguru na mbuzi, na jioni akawafunga kwenye viroba. Dagaa hao ndio waliojenga nyumba yake ya vyumba vitatu juu kidogo ya mwalo, na ndio waliosomesha watoto wake wanne baada ya mumewe kufariki. Kwa kuwashika tu kiganjani alijua kama wamekauka kweli au wanadanganya.

Ila habari za mbwa hakuzijua. Katonga mbwa walikuwepo siku zote, wembamba, wa rangi ya mchanga, wakizunguka kuokota vichwa vya samaki, na hakuna aliyewafuga hasa wala aliyewafukuza hasa.

Aliyemletea mbwa ni Clinton, mhandisi wa maji kutoka Arusha, kijana wa heshima aliyepanga chumba kimoja kwake. Mwaka huo alirudi kutoka likizo na boksi lililotobolewa matundu, na ndani ya boksi mlikuwa na kitoto cha mbwa cha wiki tisa, cheusi mgongoni na kahawia miguuni, cha ile mbegu kubwa ambayo watu huiita mbwa wa polisi. Alimwita Tembo kwa sababu ya nyayo zake, ambazo zilikuwa nene kana kwamba ameazima za mbwa mwingine. Hata mwezi haukuisha, barua ya uhamisho ikamfika Clinton. Mtwara.

"Mama, ni siku tatu za basi. Atanifia njiani," alisema, amesimama mlangoni na yule mbwa kifuani. "Nihifadhie mwezi mmoja tu, nikishapata nyumba namfuata."

"Mimi na mbwa, Clinton? Nitamfanya nini?"

"Mlishe tu, mama. Atakulindia dagaa."

Mwezi ukawa miwili. Kisha Clinton akapiga simu kusema mwenye nyumba wake mpya hataki mbwa, kwa hiyo Tembo ni wa mama Edina moja kwa moja. Edina alijifanya kulalamika, lakini alipokata simu alijikuta anatabasamu peke yake jikoni. Watoto wake walikuwa wameshatawanyika, mmoja Tabora, wawili Dar es Salaam, wa mwisho ameolewa Kasulu, na nyumba ilikuwa imeanza kuwa na ukimya ambao hakuuzoea.

Basi akamlisha. Na hapo ndipo alipoanza kushangaa. Alikuwa amelea watoto, mbuzi, kuku na bata, lakini hakuwahi kuona kiumbe kinachokua namna ile. Ukilala na kuamka, amezidi. Kamba aliyomfunga shingoni Jumapili, Jumapili iliyofuata ilikuwa inambana. Akiwa na miezi mitano alikuwa tayari mkubwa kuliko mbwa yeyote mzima wa Katonga. Alipotimiza miezi sita Edina alimpandisha kwenye mizani ya viroba, na wavuvi waliacha nyavu zao kuja kuangalia: kilo thelathini na tano, na bado ni mtoto, bado anatafuna kandambili za watu.

"Huyu akifika mwaka atakuwa ng'ombe," alisema mmoja wao, na Edina akaona fahari kama mama anayesifiwa mtoto.

Alimpa ugali na dagaa mara tatu kwa siku, dagaa wazima na mifupa yao. Asubuhi alimkorogea uji wenye unga wa dagaa, ule ule aliowalea nao watoto wake. Muuza vyakula vya kuku kule Gungu alipomwambia kwamba mnyama mkubwa anahitaji mifupa imara, akanunua na unga wa mifupa, akawa anamnyunyizia kijiko kizima kwenye kila mlo. Hakumnyima chochote. Aliamini kabisa kwamba mapenzi ni sahani iliyojaa.

Aliyekuwa haoni raha na Tembo ni Shadia. Shadia na Edina walikuwa majirani wa chanja kwa miaka ishirini. Shadia alitoka kwenye ukoo wa zamani wa Ujiji, mwanamke wa swala tano, mcheshi, mwenye sauti inayosikika hadi mtumbwi wa mwisho. Walizikana, walifunganya pamoja, mmoja akisafiri mwenzake alimwangalizia dagaa. Lakini mate ya mbwa kwenye nguo za kuswalia hakuyataka, na hilo Edina alilijua na kuliheshimu. Ndiyo maana Shadia aliweka fimbo kando ya chanja yake, na kila Tembo aliposogea na ulimi wake mrefu, aliinua fimbo na kusema, "Rudi kwenu, baba, rudi kwenu."

Mwezi Machi, mvua zikiwa zimepamba moto, Tembo aliamka akichechemea.

Mwanzoni ilikuwa kidogo tu. Alipoinuka kutoka alipolala, mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa mzito, kama umeganda. Akitembea tembea ulilainika. Akikimbia na kurudi, ulikuwa mbaya zaidi. Edina alimtazama kwenye nyayo akitafuta mwiba au kipande cha chupa, hakuona kitu. Alimkanda kwa mawese ya moto na chumvi. Wiki ikapita. Tembo alianza kukaa vibaya, kiwiko amekibana ubavuni na unyayo ameugeuza nje, na alipotembea kichwa chake kilikuwa kikipanda na kushuka kila mguu ule ulipogusa chini. Hakulia hata mara moja. Hicho ndicho kilichomuumiza Edina zaidi. Siku moja alimpa nusu kidonge cha maumivu, cha kwake mwenyewe, Tembo akatapika kutwa nzima.

Hapo wazo likamjia, na likishamjia mtu wazo la namna hiyo ni vigumu kulitoa. Alikuwa amemwona Shadia ameinua fimbo. Mara ngapi? Mara nyingi.

Alimwendea asubuhi, mbele ya wanawake wengine, ndoo ikiwa bado mkononi.

"Shadia, mbwa wangu umempiga."

Shadia aliacha kugeuza dagaa. "Nani? Mimi?"

"Wewe una fimbo."

"Fimbo nimeinua, Edina, sijaishusha. Miaka ishirini unanijua. Umewahi kuniona nampiga hata bata?"

"Basi nani kamvunja mguu?"

"Muulize Mungu aliyemwumba," Shadia alijibu, na sauti yake iliyozoea kusikika mbali ilikuwa ndogo sana. Kisha akageuka, akaendelea na kazi yake, na kwa wiki tatu hawakusalimiana. Chanja zao zilikuwa zimetenganishwa na hatua nne.

Mwisho Edina alikodi bajaji. Dereva alikataa kwanza, kisha akakubali kwa sharti kwamba mbwa akae miguuni kwa mama na si kwenye kiti. Wakapanda hivyo hadi ofisi ya mifugo, Tembo ameweka kichwa chake kizito mapajani mwa Edina njia nzima.

Daktari wa mifugo aliitwa Januari, kijana kutoka Njombe, mwembamba, mwenye koti jeupe lililofuliwa hadi likawa na rangi ya maziwa ya jana. Kazi yake nyingi ilikuwa mbuzi, ng'ombe, na chanjo za kichaa cha mbwa. Alipomwona Tembo akishuka alisahau hata kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Wamemvunja mtoto wangu."

Januari alimwomba amtembeze Tembo uwanjani, aende na kurudi, pole pole, kisha haraka. Akapiga magoti, akaanza kumpapasa kuanzia vidoleni kwenda juu, bila papara, huku akimsemesha kwa sauti ya chini. Kwenye kifundo, hakuna kitu. Kwenye bega, hakuna kitu. Alipokunja kiwiko na kukizungusha kidogo, Tembo aligeuza kichwa chake chote na kuushika mkono wa daktari kwa meno. Hakuuma. Aliushika tu, kama mtu anayesema inatosha.

"Ahsante, bwana," Januari alimwambia mbwa. "Nimekuelewa." Kisha akamgeukia Edina. "Mama, anakula nini?"

Edina alimweleza kwa fahari. Ugali, dagaa, uji wa dagaa, unga wa mifupa. Aliona uso wa daktari ukibadilika kadiri alivyoendelea, na fahari ikamwisha kabla hajamaliza kutaja.

"Sitaki kusema kitu kabla sijaona ndani," alisema Januari. "Tunahitaji picha."

Mashine ya eksirei ya wanyama haikuwepo. Lakini Januari alikuwa na rafiki aliyeitwa Yona, mpiga picha hizo kwenye zahanati binafsi ya watu, na Yona alimwomba mwenye zahanati ruhusa, akakubaliwa kwa siku ya Jumapili mchana, wagonjwa wakiwa wamekwisha kuondoka na turubai likiwa limetandikwa. Tembo alichomwa sindano ya usingizi nje, kwenye kivuli cha ukuta. Iliwachukua watu watatu kumbeba. Alipolala juu ya meza ya picha, miguu yake ilivuka pande zote mbili, na Yona alisema kwa kunong'ona kwamba tangu aanze kazi hajawahi kupata mgonjwa mwenye mkia.

Kisha picha ikatokea kwenye kompyuta.

Edina alikuwa hajawahi kuona ndani ya kitu chochote kilicho hai. Samaki aliwapasua, kuku aliwachinja, lakini hao walikuwa wamekwisha kufa na ndani yao mlikuwa na damu na matumbo. Hapa hapakuwa na damu. Palikuwa na giza, na ndani ya giza kulikuwa na mifupa myeupe inayong'aa, imesimama kimya, na mwenye mifupa hiyo alikuwa amelala hapo hapo, anapumua, ubavu wake unapanda na kushuka.

"Imana yanje," alisema, kwa Kiha cha mama yake, maana Kiswahili hakikutosha. "Mungu wangu. Ndivyo tulivyo?"

"Ndivyo tulivyo," alisema Januari. "Angalia kwanza mguu mzima, wa kulia. Huu mfupa wa juu unatoka begani. Hii miwili inatoka chini, inapanda pamoja. Yote mitatu inakutana hapa, kwenye kiwiko. Unaona unavyokaa? Huu wa juu umeingia kwenye hii miwili kama yai kwenye kiganja."

Edina aliona. Mistari ilikuwa laini, safi, hakuna mahali ambapo mfupa ulimgusa mwenzake vibaya.

"Sasa huyu bado mtoto. Ile mistari myeusi karibu na ncha ni sehemu zinazokua. Mifupa miwili ya chini lazima ikue kwa mwendo mmoja, wiki baada ya wiki, mmoja usiutangulie mwingine. Ukichelewa mmoja, hata kwa unene wa ukucha, uzito wote unaangukia kwenye ncha ndogo ya ule mwingine. Angalia kushoto."

Alibadilisha picha. Edina hakuhitaji kuoneshwa. Pale ambapo kulia palikuwa pamepinda vizuri, kushoto palikuwa na ngazi, ndogo sana, ngazi ya sisimizi. Na kando yake mfupa ulikuwa na ukungu, umeanza kukwaruzika.

"Kipande cha ncha hiyo kilichopasuka hakionekani vizuri kwenye picha hii," alisema Januari, "ila dalili zake ziko. Nitamtumia mwalimu wangu Morogoro athibitishe. Lakini nina hakika, mama. Ni ugonjwa wa kiwiko. Unawapata mbwa wa mbegu kubwa wakiwa wanakua."

"Kwa hiyo hakuna aliyempiga."

"Hakuna aliyempiga."

Edina alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Lililomshinda halikuwa jina la ugonjwa. Ni ule unene wa ukucha. Alifikiria watoto wake wanne, kila mmoja na viwiko viwili, magoti mawili, vidole ishirini, mifupa yote hiyo ikikua gizani huku yeye akiwa mwaloni anageuza dagaa, hakuna aliyepima, hakuna aliyeuambia mfupa huu ungoje na ule uharakishe. Na yote ilifika pamoja. Walikimbia, walipanda miembe, walibeba ndoo. Alikuwa amemshukuru Mungu kwa mengi maishani, kwa ada na kwa kupona malaria, lakini hakuwahi hata siku moja kushukuru kwa kiwiko.

"Ni mimi niliyemfanya hivi?" aliuliza hatimaye. "Na ule unga?"

Januari alikaa kando yake. "Kubwa ni kuzaliwa nao, mama. Upo kwenye damu ya wazazi wake. Lakini chakula kingi kilimkuza haraka, uzito ukawahi kabla mifupa haijawa tayari, na unga wa mifupa juu ya dagaa ulivuruga zaidi. Wewe hukujua. Ni watu wachache wanaojua."

Alimweleza yote bila kumficha. Kuna upasuaji, lakini Kigoma haufanyiki, na hata huko mbali unakofanyika haurudishi kiwiko kuwa kipya. Kiungo kile kitazeeka kabla ya mwenyewe. Kuna watu wangemwomba daktari amchome sindano ya kumlaza moja kwa moja, na yeye asingewahukumu. Au mama anaweza kumlea kama mgonjwa wa kudumu: apungue, akue pole pole, unga wa mifupa uachwe leo leo, dagaa kidogo tu na kwa kipimo, asiruke, asikimbizwe kwenye ngazi, apate vidonge vya mbwa vya maumivu kwa siku chache, na kamwe, kamwe, asipewe tena dawa za binadamu.

"Na misuli?" aliuliza Yona, ambaye alikuwa amewahi kupiga picha magoti ya wachezaji wengi. "Asipotembea itanyauka."

"Hapo sasa," Januari alisema, akamtazama Edina. "Mama, unaishi hatua ngapi kutoka ziwani?"

"Labda mia mbili."

"Basi una hospitali ambayo mimi sina. Aogelee. Majini uzito wake unabebwa, misuli inafanya kazi, kiwiko hakigongwi. Kila siku, kidogo kidogo."

Walirudi Katonga jioni hiyo, Tembo akiwa bado amelewa sindano. Kabla hajapika, Edina alikwenda nyumbani kwa Shadia, akabisha hodi. Shadia alitoka na mtandio wake, akasimama kizingitini bila kumkaribisha.

"Shadia, nimeona mifupa ya mbwa," alisema Edina. "Hakuna aliyempiga. Alizaliwa na ugonjwa huo, na mengine nimemfanyia mimi, kwa kumshindilia chakula. Nimekukosea mbele za watu, na kesho nitasema mbele za watu hao hao. Naomba unisamehe."

Shadia alikunja uso.

"Umeona mifupa? Yeye yuko hai?"

"Yuko hai. Kuna mashine. Shadia, ungeona! Kitu kimepungua kiasi hiki," akamwonesha ukingo wa ukucha wake, "na lijidume lote lile linachechemea."

"Kiasi hicho tu?"

"Kiasi hicho."

Shadia aliuangalia ule ukucha, kisha akaangalia kiwiko chake mwenyewe, akakikunja na kukinyoosha mara mbili. "Subhanallah," alisema taratibu. Halafu akasogea kando ya mlango. "Ingia, chai bado ya moto. Lakini na wewe ukisikia neno, uwe unauliza kabla ya kuja na ndoo."

Kesho yake asubuhi Edina alisema maneno yale mwaloni, kwa sauti, na wanawake wakasikia. Kisha akavua kanga ya juu, akashika kamba ya Tembo, akaingia ziwani.

Alikuwa hajaogelea tangu usichana wake. Mwanamke wa makamo Katonga huingia hadi magotini kuchota maji au kupokea mtumbwi, basi. Tembo naye aliogopa. Alisimama kwenye maji ya kifuani, ametoa macho, miguu imejikita kwenye changarawe, na Edina akawa anarudi nyuma hatua kwa hatua akimwita, hadi maji yakamfika mabegani naye akahisi miguu yake mwenyewe inaacha kugusa chini. Wavuvi walikuwa wanacheka. Shadia alikuwa amesimama ufukweni, amekunja mikono, anatoa maelekezo ya jambo asilolijua.

Kisha Tembo akaachia.

Asubuhi ile maji yalikuwa meupe hadi chini, kama yalivyo Tanganyika mvua inapopumzika, na Edina aliyaona yote. Ule mwili mkubwa ulikuwa hauna uzito tena. Miguu ya mbele ilikwenda mbele na nyuma, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na kiwiko kibovu kilijikunja na kujinyoosha chini ya maji sawa kabisa na kile kizima. Kichwa hakikupanda wala kushuka. Kilikuwa kinakwenda moja kwa moja, masikio yamelala, macho yamemwelekea yeye, na nyuma yake mkia unanyoosha njia. Kwa wiki tano hakuwa ameona mbwa huyu akienda bila kuumia. Edina alilia, na kwa kuwa uso wake ulikuwa umelowa, hakuna aliyejua.

Dakika tatu tu siku ile. Wiki iliyofuata tano. Walikwenda kila asubuhi baada ya dagaa kutandazwa, isipokuwa siku za mawimbi. Chakula alikipima kwa kikombe kimoja, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu Tembo alijua kumtazama. Alizoea kuzipapasa mbavu zake kila Jumamosi kama alivyofundishwa na Januari: zisionekane, lakini mkono uzipate bila kuzitafuta.

Alimpigia Clinton kumweleza.

"Mama, hata mama yake Tembo alikuwa anachechemea," alisema Clinton. "Niliona siku ninamchukua. Mwenye mbwa akaniambia aligongwa na pikipiki."

Edina alilishika neno hilo. Ndiyo maana, Tembo alipofikisha mwaka na sifa zake zikafika hadi barabarani Mwandiga, na mkulima mmoja aitwaye Jeremia akashuka hadi Katonga kumwomba dume kwa ajili ya majike yake mawili, alimpa kiti, akampa maji, akamkatalia.

"Lakini mama, angalia alivyo!" Jeremia alisema, akimtazama Tembo aliyelala kivulini kama gogo la mvule. "Mbegu kama hii, Kigoma nzima hakuna."

"Ndiyo maana haitakuwepo," alisema Edina. "Unachokiona ni nje. Mimi nimekiona ndani." Akamweleza habari ya kiwiko, polepole, kama alivyoelezwa yeye. Mwezi huo huo Januari alimhasi Tembo, na Jeremia, aliyekuwa ameondoka amenuna, alirudi baadaye kuuliza kama ni kweli kwamba kitoto cha mbwa hakitakiwi kuwekewa unga wa mifupa.

Tembo alipotimiza miezi kumi na sita walimpiga picha ya pili, Jumapili, kwa Yona yule yule. Edina alijiandaa kwa habari mbaya. Mifupa ilikuwa imemaliza kukua. Ile mistari myeusi ilikuwa imefungwa, haipo. Kwenye kiwiko cha kushoto ngazi ilikuwepo bado, na kuzunguka kiungo mfupa ulikuwa umeota vinundu vidogo, mwili ukijaribu kujishikiza. Kiungo kilikuwa cha mzee ndani ya mbwa kijana. Lakini misuli kukizunguka ilikuwa minene, na Januari alipokikunja, Tembo alimtazama tu.

"Nilitegemea kibaya zaidi, mama," Januari alisema. Alivua miwani, akaipangusa kwa koti lake. "Nitasema ukweli. Nilidhani mwezi wa pili tu utachoka."

"Hata mimi nilidhani."

"Atachechemea maisha yake yote. Siku za baridi na mvua zaidi. Lakini ana maisha."

Na anayo. Asubuhi za mvua huinuka kwa shida, Edina humkanda, humngojea alainike. Hapandi ngazi za mawe za nyumbani. Amechimbiwa njia ya mteremko kando ya nyumba. Mchana hulala chini ya chanja, na kunguru wanajua mpaka wao. Shadia bado ana fimbo yake, na bado anaiinua, na Tembo bado anarudi kwao. Ila siku ambazo Edina anachelewa kutoka Gungu, ni Shadia anayeita kutoka mbali, "Haya, twende majini, saa imefika," na kutangulia ufukweni, hatua kumi mbele ya mbwa, bila kumgusa.

Mwezi Juni mwaka huu, siku za mbalamwezi ambapo mitumbwi haiendi kuvua, mwalo ulikuwa mtupu na hakukuwa na dagaa wa kutandaza. Edina na Tembo waliogelea mbali kuliko siku zote. Upepo ulikuwa haujaamka. Ng'ambo milima ya Kongo ilionekana wazi, bluu juu ya bluu. Edina aligeuka akalala chali juu ya maji, masikio yake yakazama, na katika ukimya ule akahisi mawimbi madogo madogo yakimgusa ubavuni, moja, moja, moja, kwa mpigo usiokosea. Alikuwa ni Tembo anamzunguka. Alinyoosha mkono chini ya maji akakishika kidogo tu kile kiwiko, akakisikia kinavyojikunja na kunyooka ndani ya kiganja chake, chenye vinundu, chenye joto, kinafanya kazi.

Kisha wakageuza kuelekea nchi kavu, bega kwa bega, na walipofika kwenye changarawe Tembo akajikung'uta, akaanza kupanda njia ya nyumbani akichechemea, naye Edina akamfuata nyuma bila kumharakisha.